Jibu: Je, feni inamtosha mzee chumba kikifika nyuzi 40?

Ndugu, umeuliza kama feni pekee inamtosha mama wa miaka 78 chumba kikifika nyuzi 40. Haitoshi. Ngozi ina takriban nyuzi 35, kwa hiyo hewa ikizidi hapo feni inampulizia joto, na mzee hatoki jasho la kutosha kumpoza. Mloweshe kwanza: kitambaa chenye maji ya kawaida shingoni, mikononi na miguuni, ndipo uwashe feni. Maji yanayokauka ndiyo yanayoondoka na joto, kwa hiyo kitambaa kikianza kukauka, kichovye tena. Mchana funga mapazia, usiku fungua madirisha yote.

Usingoje aseme ana kiu. Uzeeni kiu hufifia. Mpe maji kidogo kidogo. Kama anatumia dawa za moyo au za kukojosha, daktari ndiye aseme kiasi.

Akianza kuongea ovyo au kupepesuka, hiyo ni dharura hata kama bado anatoka jasho! Piga simu ya dharura, mmwagie maji mwili mzima huku ukimpepea. Akiwa hajitambui usimnyweshe chochote. Parasetamoli pia usimpe, haishushi joto la aina hii.