Hata leso ina pindo

Wiki hii vijana wawili wa atachi, wanaojifunza kazi hapa kwetu, wameniletea kadi za biashara eti ziko tayari kwenda mashine ya kuchapa. Moja ya fundi friji wa Kongowea: nambari tano za simu na huduma mistari sita. Ya pili, maandishi yamebanana ukingoni kama abiria wa feri ya Likoni asubuhi. Nilicheka, kisha nikaudhika, maana nilijiona mimi mwenyewe. Basi vijana, haya ndiyo ya kukumbuka kabla kadi haijachapwa.

1. Pindo. Leso mnaijua: ina pindo, ina mji, ina jina, na jina haliandikwi juu ya pindo. Kadi ni milimita 85 kwa 55. Ongeza blidi, ile ziada ya rangi inayokatwa, milimita 3 kila upande, na maandishi yakae milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia. Najua mnalijua hili. Hata mimi nililijua.

Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja wa Bondeni, mpishi wa biriani za harusi, alitaka kadi 1000 kabla ya Idd, harusi zisije zikamkuta mikono mitupu. "Mwanangu, nambari iwe kubwa, wenzangu macho yamechoka." Nikaikuza. Nikaikuza tena, ikagusa ukingo wa kulia. Kwenye skrini ilipendeza, wallahi. Sampuli sikutoa, magharibi ilikuwa inakaribia na mimi nina njaa.

Asubuhi nikafungua boksi. Mashine ya kukata hula rundo zima kwa mpigo, na rundo lilikuwa limesogea kidogo tu. Sifuri ya mwisho ilikuwa imekatwa tumbo, imegeuka herufi C. Kadi nyingine hata hiyo C haipo.

Nikajifanya mwerevu: tutaijazia kwa kalamu. Nilikuwa nimesahau kwamba nimezilaminisha glosi, ile plastiki inayong'aa, pande zote mbili. Tukakaa mkekani kwake, yeye, binti zake wawili na mimi, tunachora visifuri. Wino haushiki, unateleza, ukiguswa unapaka. Tulipofika kama kadi ya mia, vidole vyetu vilikuwa buluu na sifuri zote madoa. Mama akainua moja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu, hii biriani imeungua. Hata ukitia zafarani juu, harufu iko pale pale. Na ushukuru nimefunga." Nilichapisha upya kwa pesa yangu. Idd ile nilivaa kanzu ya mwaka juzi.

2. Sampuli. Chapa moja, ikate, mpe mteja aipige ile nambari mbele yako mpaka simu iite.

3. Nyeusi ya maandishi madogo ni K, yaani wino mweusi, peke yake. Ukitumia rangi nne na karatasi ikahama kidogo, herufi zinaota kivuli. Ile buluu ya bahari inayong'aa kwenye skrini haitatoka hivyo kwa CMYK, zile wino nne za mashine; mwambie mteja kabla hajalipa. Na maandishi msiyapange Photoshop, jamani.

4. Nyuma acha bila glosi, mtu aandike oda. Kama kuna nambari ya till, weka na jina litakalotokea kwenye M-Pesa. Mteja akiona jina asilolijua, hatumi.

Mahali duka lilipo, sanduku la posta halimfikishi mtu. Hapa tunaelekezana kwa alama: nyuma ya Markiti, au mkabala na Pembe za Ndovu. Lakini chagueni alama ya kudumu. Fundi cherehani mmoja alinishikilia niandike "chini ya mwembe". Niliandika. Mwembe ukakatwa na kadi mia saba bado ziko kwenye droo yake.

5. Nambari moja, ukizidi sana mbili. Yule kijana wa kadi ya friji nilimwambia ampigie mteja amuulize ipi inapokelewa. Akaweka spika. Ya kwanza imepotea na simu. Ya pili ndiyo hii. Ya tatu na ya nne ni za vijana walioacha kazi. "Na ya tano, bosi?" Kimya kidogo. "Hiyo ya mtalaka wangu. Itoe leo leo."