Kipara kilinidanganya: nilivyojifunza kuchagua matairi ya gari linalonusa mafuta

Kwa muda mrefu niliringa. Gari langu la haibridi, linalotumia petroli na umeme, lilikuwa linanusa mafuta tu, halinywi. Nina daftari dogo ninaloandika kila nikijaza tangi: lita zilizoingia, kilomita nilizotembea. Lilikuwa linasoma kilomita 22 kwa lita, na kila aliyepanda nilimwonyesha hata kama hakuuliza.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua. Sikuwa na mwendo wa ajabu. Mbele kuna kivuko cha watembea kwa miguu, binti mwenye mwavuli amekwisha kushuka barabarani, nikakanyaga breki. Pedali ikaanza kugongagonga chini ya mguu wangu, trr-trr-trr, na gari likaendelea kwenda kana kwamba sijafanya kitu. Lilisimama pua ikiwa juu ya michirizi mieupe. Binti alinitazama kupitia kioo, akaondoka taratibu bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Nyumbani nikainama kuangalia matairi. Vile vijiti vidogo vilivyojificha ndani ya mifereji, ambavyo huonyesha kuwa zimebaki milimita 1.6 tu za kashata, yaani yale mapande ya mpira yanayoshika barabara, vilikuwa vimelingana na uso wa tairi. Kipara. Hapo nilidhani nina matatizo mawili yasiyohusiana: kutunza mafuta, na kusimama kwenye maji. Kumbe ni tatizo moja. Zile kilomita 22 nilizokuwa nikijivunia, sehemu yake ilikuwa inatoka kwenye kipara chenyewe.

Tairi linapobeba gari hubonyea pale linapogusa lami, halafu linajirudi. Kila likibonyea na kujirudi, nguvu kidogo inapotea na kuwa joto. Kashata ndefu ina mpira mwingi wa kubonyea, kwa hiyo hupoteza zaidi. Ikilika, upotevu unapungua. Ndiyo maana tairi linaloelekea kufa ndilo linalopendeza zaidi kwenye hesabu ya mafuta.

Wakati huo sikulijua hilo. Nilikwenda dukani na swali moja: tairi gani linadumu? Muuzaji akapiga kofi ubavu wa tairi moja nene. "Dada, chukua hili. Utasahau kama uliwahi kununua tairi." Akanionyesha namba ya kudumu iliyoandikwa ubavuni, ile ya mfumo wa Marekani wa kupima ulikaji. Ilikuwa kubwa kweli. Ila namba hiyo hupangwa na mtengenezaji mwenyewe, kulinganisha kampuni moja na nyingine kwa namba hiyo ni kubahatisha, na juu ya mafuta haisemi lolote. Nilinunua manne.

Mwezi uliofuata daftari likasoma 19.5. Nikapunguza kidogo mguu, bado 19.5. Hiyo ni pungufu ya asilimia 11 hivi. Nikawaka, nikataka kuyarudisha.

Bahati yangu kuna fundi mmoja mzee ambaye hupenda kuuliza kabla ya kushika spana. Akaniuliza: "Mwanangu, kilomita hizo umezipima na nini?" Nikamwambia, na mita ya gari. Akacheka. "Mita ya gari inahesabu mizunguko ya gurudumu. Umebadilisha gurudumu, umebadilisha rula."

Tulikaa tukapiga hesabu. Saizi yangu ni 195/65R15: upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15. Likiwa jipya, kipenyo chake kinakaribia milimita 634. Mapya yalikuwa na kashata za milimita 8, yale ya zamani yalikuwa yamebaki karibu na 2. Tofauti ya milimita 6 juu na 6 chini ni 12, yaani karibu asilimia 2 ya kipenyo. Vipara vyangu vilikuwa vinazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na mita ilikuwa inanizawadia kilomita ambazo sikuzitembea. Asilimia 2 ya majivuno yangu ilikuwa hewa.

Kisha akachukua geji ya upepo. Magurudumu yote manne: psi 28, psi ikiwa ndicho kipimo cha upepo. Kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva kinasema 35 mbele, 33 nyuma. Waliofunga matairi walijaza upepo wa kila gari linalopita, hawakusoma kibandiko. Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote hupunguza ufanisi wa mafuta kwa asilimia 0.2 hivi. Kwangu hiyo ilikuwa zaidi kidogo ya asilimia moja. Si nyingi, lakini ni ya bure, na upepo mdogo unakula mabega ya tairi kwa ndani na nje huku katikati pamebaki pazima.

Hapa niseme jambo linaloniudhi: ile namba kubwa ya psi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi si maelekezo ya kujaza. Ni kikomo cha tairi. Cha kufuata ni kibandiko cha gari, na upepo upimwe asubuhi kabla hujatembea, maana tairi likipata moto namba hupanda yenyewe.

Basi asilimia tatu na ushei tulizipata kwa rula na upepo. Zilizobaki, karibu nane, zilikuwa za tairi lenyewe, pamoja na kashata zake ndefu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Umoja wa Ulaya una lebo ya matairi, iliyoanza mwaka 2012 na kupangwa upya Mei 2021. Ina herufi A mpaka E kwa mafuta, A mpaka E kwa kusimama kwenye maji, halafu kelele kwa desibeli. Herufi ya mafuta imejengwa juu ya kipimo rahisi: ni nguvu kiasi gani inatakiwa kuendelea kulisukuma tairi kwa kila tani inayobebwa. Daraja A ni kilo 6.5 kwa tani au pungufu. Daraja E ni kilo 10.6 na kuendelea. Gari kama langu lina kama tani 1.4. Piga picha gari limefungwa kamba iliyopita kwenye kapi, na mwisho wa kamba inaning'inia ndoo ya maji. Ukiwa na matairi ya A, ndoo ina lita 9. Ukiwa na ya E, ina karibu 15. Unaivuta ndoo hiyo safari nzima, mchana na usiku. Gari kubwa lenye injini ya kunywa halitasikia tofauti sana. Gari lililotengenezwa kubana kila tone litaisikia.

Wajapani nao wana lebo yao tangu 2010: AAA mpaka C kwa mafuta, na herufi ndogo a mpaka d kwa maji. Ukikutana nayo, isome vivyo hivyo.

Sasa kosa la pili ambalo nilikaribia kulifanya ni kukimbilia herufi ya mafuta peke yake. Zamani mpira uliopunguza upotevu ulikuwa pia mpira unaoteleza. Ukipata hiki unakosa kile. Mwaka 1992 Michelin ilianza kuuza tairi lililochanganywa na silika, unga mweupe utokanao na mchanga, badala ya kutegemea masizi meusi pekee, na hapo ikawezekana kubana mafuta bila kuuza breki. Lakini kuwezekana si kusema kila tairi linafanya hivyo. Yapo mpaka leo yenye B ya mafuta na D ya maji. Mimi siyagusi. Nimekwisha kuona macho ya yule binti.

Kwa hiyo utaratibu wangu umekuwa huu. Kwanza maji: A, au B kama A haipo kwa saizi yangu. Kati ya hayo yaliyobaki ndiyo nachagua lenye herufi nzuri ya mafuta. Kudumu kunakuja nafasi ya tatu. Kelele huwa naitazama pia, kwa sababu haibridi ikitembea kwa umeme ni kimya, na mvumo wa tairi unabaki kuwa muziki pekee mle ndani.

Herufi hizo usizisome kwa jina la tairi tu. Ecopia, BluEarth, Enasave na wenzao, majina ya matairi ya kubana mafuta, ni familia, na ndani ya familia moja saizi tofauti zinaweza kuwa na herufi tofauti. Umoja wa Ulaya una hifadhidata ya wazi iitwayo EPREL. Ingiza jina pamoja na saizi kamili. Angalia pia namba inayofuata saizi. Langu linasema 91H: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, H ni mwendo wa mpaka kilomita 210 kwa saa. Kupanda juu ya hapo hakuna shida, kushuka usikubali, hata muuzaji akikuapia.

Tarehe nayo. Ubavuni tafuta namba inayoanza na DOT, soma tarakimu nne za mwisho: 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Mara ya pili niliponunua, matatu yalikuwa ya mwaka uleule na moja lilikuwa kaka yao wa miaka minne nyuma. Nililirudisha kwenye rafu mwenyewe.

Rimu kubwa? Toyota Prius, haibridi maarufu, ya kizazi cha tatu ilitoka na 195/65R15 au 215/45R17. Ile ya 17 inapendeza, sibishi. Lakini ina uzito zaidi, tairi lake ni pana zaidi, na gharama yake unailipa kituo cha mafuta. Ukitaka urembo ununue ukijua bei yake.

Na kama mfuko unaruhusu mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza, gari linakataa kona na unaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linageuka kukutazama.

Yale manne ya kudumu niliyavumilia mpaka yalipolika, maana kuyatupa yangali mazima kungenigharimu zaidi ya petroli ambayo ningeokoa. Kisha nikafunga yenye B ya mafuta na A ya maji, alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ikapimwa siku hiyohiyo, upepo nikajaza mwenyewe. Daftari likaanza na 20.8, likapanda polepole hadi 21.4, likatulia hapo.

Jumapili iliyopita limesoma 22.1. Nilitabasamu, nikaenda kuchukua kipimo cha kashata. Milimita 3. Nimeanza kuweka pesa pembeni.