Jaji amekataa daftari langu. Nikate rufaa sasa hivi?

SWALI: Assalamu alaykum, wakili. Nadai fungu langu la jahazi la mizigo la Wete na Tanga, kesi iko Mahakama Kuu ya Zanzibar. Jaji kazikataa kurasa za daftari la hesabu kwa kuwa ni fotokopi. Daftari lenyewe analo mshirika wangu. Mwanangu aliye London anasema niombe ruhusa ya rufaa kesi ikiwa inaendelea. — Mama Mkubwa, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Mwanao hajakosea, ila asemayo ni ya Uingereza. Huko, kwenye kesi za madai, ruhusa huombwa kwa jaji yuleyule, akikataa unakwenda juu. Kwetu, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2002, uamuzi mdogo usiomaliza kesi hauendi Mahakama ya Rufani. Ukijaribu, rufaa itatupwa na kesi yako italala bure.

Fanya hivi. Mwambie wakili wako ampe mshirika taarifa ya maandishi alete daftari mahakamani. Asipolileta, rudi uombe nakala zipokewe. Kuwa asili iko mikononi mwa mpinzani ni sababu nzito. Hakikisheni ombi na majibu ya jaji vimeandikwa kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama. (Nimeona rufaa nzuri zikifa kwa sababu tu havikuandikwa.) Ukishindwa mwishoni, kukataliwa kwa kurasa ndiyo hoja yako. Taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na siku hizo hazingojei nakala ya hukumu.