Mshindo uko wapi? Maswali ya wasomaji kuhusu filamu tulivu

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, juma lililopita mwenzangu mmoja, mpenzi mkubwa wa sinema, alinikalisha mbele ya filamu iliyokwenda zaidi ya saa mbili bila mapigano, kufukuzana wala siri ya kufichuliwa. Watu wanakula, wanaagana, wanakaa kimya, na kamera inawatazama tu. Ilipokwisha, yeye alikuwa akifuta machozi ilhali mimi nimekwisha sinzia mara mbili. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo huo sikuusikia. Je, filamu za namna hii zina hadithi ya kumridhisha mtazamaji, au tunalazimishwa kuusifu uvivu wa mtunzi?

JIBU: Ndugu msomaji, usione haya kwa kusinzia, hata wahakiki husinzia, ila hawaandiki. Swali lako ni la zamani kuliko sinema yenyewe. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliandika kwamba msuko ndio roho ya tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wa huzuni, na kwamba wahusika huja katika nafasi ya pili. Ukiipitia kauli hiyo harakaharaka utadhani imekupa ushindi, lakini msuko alioukusudia ni namna matukio yanavyopangwa na kufuatana, na mpangilio huo unaweza kujengwa kwa vita vya falme mbili au kwa kikombe cha chai. Filamu tulivu iliyo nzuri ina msuko. Imeuingiza tu mahali ambapo jicho lililozoea milipuko hupita bila kusimama.

Chukua filamu ya Tokyo Story ya Mjapani Yasujirō Ozu, ya mwaka 1953. Wazee wawili wanakwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao, watoto wana shughuli zao, wazee wanarudi kwao, na mama anafariki. Basi. Mwanzoni kabisa, wakati wa kufunga mizigo, mume anamwambia mkewe kwamba mto wa kujaza hewa amempa yeye. Mke anasema hanao. Mume anapekua mzigo wake mwenyewe na kuukuta humo. Hakuna anayekasirika wala anayeomba radhi, na kwa dakika hiyo moja tumeshaijua ndoa ya miaka mingi. Jirani anasimama dirishani, anawasalimu, anapita. Mwisho wa filamu jirani yuleyule anasimama kwenye dirisha lilelile, na ndani ameketi mzee peke yake. Hatuhitaji kuelezwa kitu, kwa sababu tunajua pale palipo patupu palikuwa pa nani. Mtunzi angeanza na kifo, tungepata taarifa ya msiba. Kwa kutuweka na wazee hao kwa saa mbili, ametufanya tufiwe.

Mfano mgumu zaidi ni Jeanne Dielman ya Mbelgiji Chantal Akerman, iliyotoka mwaka 1975 na inayokwenda kwa saa 3 na dakika 21. Ni siku tatu za mjane anayeishi Brussels na mwanawe wa kiume. Siku ya kwanza tunamwona akipika, akitandika, akizima taa kila atokapo chumbani, mpaka ratiba yake inatukaa kichwani kama yetu. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, naye anazunguka nyumbani na sufuria mkononi, akiingia huku na kutoka kule, asijue pa kuvipeleka. Niliona aibu kidogo kugundua kwamba moyo ulikuwa ukinidunda kwa sababu ya viazi, lakini hiyo ndiyo taharuki, na imepatikana kwa sababu saa nzima iliyotangulia ilitufundisha utaratibu ambao sasa unavunjika. Mwisho wake siufichui; nasema tu kwamba anayedai kuwa hakuna kinachotokea humo hakuufikia. Mwaka 2022 kura ya wahakiki iliyoendeshwa na jarida la Uingereza la Sight and Sound iliiweka nafasi ya kwanza, ingawa kura ya wahakiki haimlazimishi mtu kufurahi, na mimi mwenyewe niliimaliza kwa awamu mbili.

Hata hivyo, shaka yako ina haki yake. Ziko filamu ambazo ukimya wake haufichi chochote, na ndefu kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kuzikata. Kipimo changu ni kujiuliza mhusika anataka nini asichoweza kukisema. Nikishindwa kujibu baada ya nusu saa, na nikiona kwamba maonyesho yangeweza kubadilishana nafasi bila hasara yoyote, namlaumu mtunzi na kwenda kulala. Ila kama simu ilikuwa mkononi, lawama tugawane, maana katika filamu hizi mhusika akitazama pembeni kwa sekunde tatu, huenda hilo ndilo jibu lenyewe.

SWALI: Ninaandika mswada wa filamu kuhusu ndugu wawili wanaogawana vyombo vya marehemu mama yao. Walioupitia wanasema hauna mgogoro na kunishauri niongeze ugomvi. Nifanyeje?

JIBU: Ugomvi usiuongeze bado. Huenda mgogoro umo tayari, ila umewapa wahusika wako ruhusa ya kuutamka mapema mno, ukaisha kabla haujakomaa. Tafuta chombo kimoja kisicho na thamani, tuseme kikombe kilichovunjika mkono, kisha andika onyesho ambamo kila ndugu anamsukumia mwenzake kikombe hicho kwa adabu, ilhali wote wawili wanakitaka. Lisome kwa sauti, halafu ufute kila sentensi inayosema kwamba wanakitaka.