Clos de Vougeot mbili, bei mbili: ingine ni feki?

SWALI
Jambo Yaya. Mi ni serveri mu restora moja hapa Lubumbashi, jina la restora naficha juu mushahara ningali nauhitaji. Tuko na chupa mbili za divai ya Bourgogne, zote zimeandikwa Clos de Vougeot, zote Grand Cru (daraja la juu kabisa la divai ya Bourgogne), zote 2017, lakini moja tunauza dola 190 na ingine dola 430. Juzi kuna mzee mmoja kaziangalia akasema ile ya bei ya chini ni feki, patron naye akaingia, sasa wanataka kunikata pesa eti nilipokea mzigo bila kucheki. Yaya, shamba moja linaweza kuzaa bei mbili kweli?
Serveri, Golf

JIBU
Mudogo, usikubali kukatwa hata franga moja kwanza. Bei peke yake haishuhudii feki, na kwa shamba hilo ndiyo kabisa.

Clos de Vougeot ni hektari 50 hivi za mizabibu, zimezungukwa na ukuta wa mawe, kati ya Dijon na Beaune, mashariki ya Ufaransa. Walioanza kulilima ni watawa wa Cîteaux, karne ya 12, na wakati wao mwenye shamba alikuwa mmoja tu, monasteri. Yakaja Mapinduzi ya 1789, Leta ikachukua mali ya Kanisa ikauza, halafu mwisho wa karne ya 19 shamba likaanza kukatwa vipande kwa wanunuzi mbalimbali. Na ukumbuke Code Napoléon, sheria ya Ufaransa ya 1804, watoto wote wanarithi sawasawa. Wewe mtoto wa Lubumbashi hiyo filimu unaijua, baba anakufa Katuba anaacha parseli moja na watoto tisa, kila mtu anataka mlango wake (na kwetu udongo wenyewe ni wa Leta tangu sheria ya 1973, lakini nenda uwaambie hivyo kwenye matanga uone). Kule wamegawana mpaka leo ndani ya ukuta ule mmoja kuna wenye mali kama 80, wengine wana mistari michache tu ya mizabibu.

Sasa kila mmoja wao anavuna yake, na jina la Clos de Vougeot anaruhusiwa kuliandika juu sheria imepanga ndani ya ukuta kote kuwa Grand Cru. Lakini udongo hauko sawa hata kidogo! Juu karibu na château, lile jumba la shamba, ni mwembamba, wa chokaa na mawe, maji yanashuka haraka. Chini karibu na barabara kubwa ni mfinyanzi mzito, mvua ikinyesha maji yanatuama. Halafu kuna mkono wa mkulima, mmoja anapunguza vichala ili vinavyobaki viive vizuri, mwingine anaviacha vyote juu anataka lita nyingi. Ndiyo maana wanaojua Bourgogne wanatafuta kwanza jina la aliyeitengeneza, jina la shamba linafuata. Huyo mzee alisoma herufi kubwa akaishia hapo.

Cha kufanya: chukua chupa zote mbili, soma herufi ndogo za chini. Utakuta nani ameijaza na wapi, pengine imeandikwa «mis en bouteille au domaine», yaani mwenye shamba kaijaza mwenyewe, pengine ni jina la mfanyabiashara aliyenunua zabibu au divai kwa wakulima. Majina yakiwa tofauti, kesi yako karibu imekwisha. Halafu mwambie patron atoe faktiri ya dépôt, juu feki inakamatwa kwa njia aliyopitia mzigo, bei ya menyu haikamati kitu. Na kama chupa zinasimama kwenye etajeri ya dirishani mu joto la Oktoba, mzitoe leo, hapo hata ile ya 430 inaharibika vizuri tu.

SWALI
Yaya, naweza kupanda hiyo mizabibu ya Bourgogne mu parseli yangu?
Mama wa Kamalondo

JIBU
Kupanda utapanda mama, kuvuna ndiyo shida. Divai nyekundu ya kule ni Pinot Noir, ngozi yake nyembamba na vichala vimebanana, unyevu kidogo tu inaoza. Kule mzabibu unalala na baridi ya kweli, unavunwa kama Septemba. Huku kwetu ukikata matawi mwezi wa sita, matunda yanataka kuiva mvua imeshafika. Dodoma, Tanzania, wanaweza, wanavuna hata mara mbili kwa mwaka, lakini Dodoma ni kukavu, na zabibu yao ya Makutupora imezoea jua. Wewe tafuta mche wa zabibu ya kula, uuweke upande wa ukuta unaopigwa na jua, na kuku uwafunge.