Nilipoitwa Kuwa Mshenga Nikabaki Nameza Mate

Juzi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, kwenye magrupu naongea mpaka wananiita MC. Nikikaa na wakubwa, ulimi unakauka. Nimelogwa?" Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana huyo ni mimi wa miaka minne iliyopita.

Wanaonifahamu wanajua nauza dagaa. Nawachukua Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, na kuwatuma mikoani. Simu kubwa niliinunua kwa ajili ya oda, na sitadanganya, ilinipa wateja. Lakini nikishajibu oda moja, naangalia video za watu nisiowajua saa mbili nzima. Dagaa huvuliwa kwa taa, na usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi hawaingii ziwani, kwa hiyo ndio usiku wangu wa kupumzika. Mimi nakesha hadi adhana ya alfajiri. Nikaamka na macho mekundu na hasira za karibu. Mke akiuliza kitu, naguna. Mwanangu alikuwa na miaka mitano, akajifunza kunishika kidevu kwa mikono miwili na kunigeuza uso, ndipo aseme shida yake. Nikaona ni mchezo wa kitoto.

Basi binamu yangu akapata mchumba Ujiji, nikateuliwa kuwa mshenga. Tukakaa mkekani, kahawa ikamiminwa. Mzee wa nyumba akauliza, "Haya wageni wetu, mmekuja na heri?" Hapo ndipo mshenga hujizungusha: anaulizia hali za watu, anasifu nyumba, anasema ameona ua bustanini. Mimi nikasema, "Ndiyo. Tumekuja kuposa." Basi. Kikawa kimya. Nikatafuta neno la pili, silioni. Mara simu ikatetemeka mfukoni na mkono wangu ukaenda wenyewe. Mzee akaweka kikombe chini. "Ipokee, mwanangu. Sisi tutasubiri."

Walicheka kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniuma. Baba mdogo akachukua kazi, posa ikakubaliwa. Lakini mpaka leo kikipangwa kikao anasema, "Huyo mwacheni na kioo chake." Baba mdogo, najua unasomewa hapa. Mwezi uliopita nani aliongoza kikao cha harusi ya mjukuu wako? Tuyaache.

Nikamsimulia mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni. Hakunipa pole. Akanionyesha chanja: "Hawa wote walifuata taa."

Sasa wewe wa Kasulu, hujalogwa. Wala sisemi unaumwa: Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, ila intaneti kwa ujumla haimo. Lakini ujue kuna watu wanaolipwa ili usiiweke simu chini. Aza Raskin, Mmarekani, mwaka 2006 alibuni ule ukurasa usiokwisha unaposhusha kidole, na baadaye akajuta. Kikombe cha kahawa kina machicha, ukiyaona unajua imeisha. Kwenye simu huyaoni.

Na kuongea na watu ni kazi ya mwili. Unasoma uso wa mtu, unajua lini unyamaze, lini uulize "na mama hajambo?" Kwenye grupu unafuta na kuandika upya. Mkekani hakuna kufuta. Usipofanya kila siku, unasahau.

Nilifanyaje? Usiku simu inalala chumba kingine. Data nazima saa tatu. Narudia: simu ilale chumba kingine, si chini ya mto! Wiki mbili za kwanza sitawachosha nazo, nilikuwa kama mvuta sigara. Kila jioni nikaenda barazani, nikakaa na wazee wa bao, sisemi kitu, nasikiliza tu. Siku ya tisa mmoja akaniuliza bei ya dagaa, tukaongea hadi magharibi. Vijana hamtaki baraza, mnasema ni la wazee. Mnataka kuoa lakini salamu mnaona ndefu! Heshima mtapewa na nani, na watu wa kwenye video?

Ukishuka Kigoma mjini, njoo Kibirizi asubuhi, simu iache kwa mama ntilie. Na ukiniandikia leo usiku, jibu ni kesho, data nimeshazima.