Maswali na majibu: peni ya mlangoni

*Natafsiri hadithi ya Kiingereza. Bibi mmoja akiwa matembezini anamwambia mjukuu wake, "I need to spend a penny." Nimeandika kwamba anataka kutumia senti, lakini hanunui kitu. Nimekosea wapi?*

Bibi huyo alibanwa na haja ndogo. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu ndani ya jumba la vioo la Hyde Park, London, fundi George Jennings aliweka vyoo vya kulipia, ada yake peni moja, yaani sarafu ndogo ya Uingereza. Baadaye vyoo vingi vya umma Uingereza vikawekewa kitasa cha sarafu: tumbukiza peni, mlango ufunguke. Wanaume mara nyingi walikojoa bure mahali pao pa kusimama. Mwanamke hakuwa na njia ila kulipa, na mimi naiona ile kuwa dhuluma. Kwetu bibi angesema, "Ngoja nikajisaidie," au "Naenda msalani." Andika hivyo. Ukiitaja peni, msomaji wako atamtafuta muuza duka.

*Vijana wanautumia?*

Ni msemo wa wazee zaidi, tena wa Uingereza. Mmarekani anaweza asikuelewe. Hata peni yenyewe si ile ya zamani. Hadi Februari 1971 pauni ilikuwa na peni 240, sasa ina 100. Vyoo vya stesheni kubwa za reli zinazoendeshwa na Network Rail vimekuwa vya bure tangu 2019.

*Na "the penny dropped", yaani peni ilianguka? Mwalimu wetu alisema ni hasara.*

Hapana, hakuna kilichopotea. Fikiria mashine ya kuuza peremende: umetia sarafu, imekwama, unaigonga kwa kiganja. Ghafla inaanguka ndani, na mashine inafanya kazi. Ndivyo anavyosemwa mtu aliyeelezwa jambo likamkwama, halafu likamwingia kwa mara moja. Hapa Kiswahili kina utajiri wake: *ndipo nilipong'amua*, *ndipo nilipotanabahi*. Mimi napenda *kutanabahi*, kwa sababu ndani yake mna kuzinduka, kama aliyeshtuliwa usingizini. Lakini kwa hadithi ya watoto, *kumbe!* peke yake inatosha: "Kumbe! Alikuwa baba yake."

*"I haven't a penny to my name" nitaiwekaje?*

"Sina hata ndururu." Ndururu ilikuwa senti tano.